Mizani ya Kliniki na Debe la Mahindi: Historia ya Kupima Uzito wa Mama Mjamzito

Leo siongelei viwavijeshi wala bei ya choroko. Kina mama wa hapa Mabatini, na wakulima wanaoniuliza mambo kutoka Magu, Misungwi na Kwimba, wamekuwa na swali moja: kwa nini kila mjamzito akienda kliniki anapandishwa kwenye mizani, namba inaandikwa kwenye kadi, halafu wengi wanarudi nyumbani bila kuelewa namba ile ina maana gani? Mimi ni afisa ugani. Kazi yangu ni shamba na mifugo, si ukunga, na swali la ugonjwa mpelekee nesi. Lakini sehemu kubwa ya namba ile inatoka ghalani na jikoni, na ghala ni kazi yangu. Kwa hiyo nitakueleza ilikotoka, kisha tuone namna ya kuisoma.

WAZEE WETU NA MIZANI YA PAMBA

Usukumani mizani ina historia yake. Enzi za mkoloni mkulima wa pamba alibeba mzigo wake kilomita nyingi hadi kwa mnunuzi, akakuta mizani asiyojua kuisoma. Malalamiko ya kupunjwa yalikuwa kila kona. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe penye vituo vya kununulia, watu waliojua namba, wasimame kando ya mnunuzi na kuhakiki. Katika harakati hizo, ambazo Paul Bomani alikuwa mstari wa mbele, vyama vya ushirika vikaota kama uyoga, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, makao yake hapa Mwanza.

Nalitaja hilo kwa sababu mkulima hakudai mizani iondolewe. Alidai aisome mwenyewe. Mama mwenye kadi ya kliniki mkononi ana haki hiyohiyo, na baba wa mtoto naye. Kilo mbili za pamba zikipotea, hasara ni ya fedha. Kilo mbili zikikosekana kwenye kadi ya mama katika miezi ya mwisho, anayeilipa hasara ni mtoto ambaye hajazaliwa.

BIBI ZETU NA DAKTARI WA KIJERUMANI

Bado yapo mashauri ya zamani mitaani kwetu: mjamzito asile sana mwishoni, mtoto atakuwa mkubwa na kujifungua kutakuwa kugumu. Vijana waliosoma huwacheka bibi zao kwa hilo. Mimi siwacheki, na nitakuambia kwa nini.

Mwaka 1889 daktari mmoja wa Hamburg, Ujerumani, aliyeitwa Ludwig Prochownick, aliandika ushauri uleule. Wakati ule wanawake wengi wa miji ya Ulaya walikuwa na nyonga nyembamba kwa sababu ya matege ya utotoni, na upasuaji wa kumtoa mtoto uliua akina mama wengi mno. Daktari huyo akaona bora mama apunguziwe vyakula vya wanga na vinywaji katika wiki za mwisho ili mtoto azaliwe mdogo na apite. Bibi wa Usukumani na daktari wa Hamburg hawakujuana, lakini walikuwa na hofu moja: uchungu unaokwama na hakuna wa kukuokoa. Kijijini ambako hospitali ya upasuaji ilikuwa safari ya siku nzima au zaidi, shauri lile lilikuwa na akili yake.

Tatizo ni kwamba shauri likaendelea kuishi baada ya sababu yake kupungua. Huko Marekani, hadi miaka ya 1950 na 1960, madaktari wengi waliwakataza wajawazito wasiongezeke zaidi ya kilo 9 au hata chini ya hapo. Waliamini kwamba kuongezeka uzito ndiko kunaleta kifafa cha mimba. Mizani ya kliniki ilikuwa kama askari wa barabarani: ukizidisha unakemewa. Mwaka 1970 kamati ya wataalamu ya nchi hiyo ikakaa, ikapitia ushahidi, ikasema zuio lile halina msingi na huenda linachangia watoto kuzaliwa wadogo na kufa mapema. Wakapandisha kiwango.

Hapa kwetu hali nayo imebadilika. Bugando ilifunguliwa mwaka 1971, Sekou Toure ipo, Sengerema ipo, na vituo kadhaa vya afya vinafanya upasuaji. Mtoto mkubwa kidogo ana pa kupelekwa. Mtoto aliyezaliwa na kilo 1.8 kwa sababu mama alijinyima, huyo kazi yake ni ngumu zaidi hata akiwa hospitali kubwa.

KILO 12.5 ZINAKWENDA WAPI?

Wanaume wengi hufikiri mke akiongezeka kilo kumi na mbili basi ama mtoto ni jitu, ama mke amenenepa. Watafiti wawili, Frank Hytten na Isabella Leitch, waliokuwa wakifanya kazi Aberdeen kule Scotland, walifanya hesabu ambayo mfanyabiashara yeyote wa sokoni angeipenda. Katika kitabu chao cha mwaka 1964 waligawa uzito wa mimba fungu kwa fungu. Hesabu iliyojulikana kwa jina lao inafikia kilo 12.5, nayo iko hivi kwa makadirio: mtoto kilo 3.4; kondo la nyuma gramu 650; maji ya uzazi gramu 800; mfuko wa uzazi wenyewe karibu kilo 1; matiti gramu 400; damu iliyoongezeka karibu kilo 1.5, maji mengine ya mwili karibu kilo 1.5, na mafuta ya akiba kilo 3.3.

Tazama fungu la mwisho. Zile kilo 3.3 za mafuta ni ghala la mama. Mwili unaziweka akiba kwa ajili ya kunyonyesha, kama wewe unavyoweka gunia la mbegu. Na tazama damu: kilo moja na nusu ya damu mpya inatengenezwa ndani ya miezi michache, na damu haitengenezwi kwa ugali peke yake.

NJAA ILIPOTUFUNDISHA

Ushahidi ulio wazi kuhusu chakula na mimba haukutoka maabara. Ulitoka kwenye njaa.

Majira ya baridi ya 1944 kwenda 1945, vita vya pili vya dunia vikielekea mwisho, jeshi la Ujerumani lilizuia chakula kuingia magharibi ya Uholanzi. Mgao wa mtu mmoja ulishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku, na kuna wiki ulikuwa nusu ya hapo. Ilikuwa nchi yenye wakunga, hospitali na daftari zilizoandikwa vizuri, kwa hiyo baadaye watafiti waliweza kufukua kumbukumbu. Wanawake ambao njaa iliwakuta katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba walizaa watoto waliopungua takriban gramu 300. Nchi ilipokombolewa Mei 1945 na chakula kikarudi, uzito wa watoto nao ukapanda tena ndani ya miezi michache. Walioguswa na njaa mwanzoni mwa mimba tu, kisha mama akala vizuri, walizaliwa na uzito wa kawaida, lakini walipozeeka wengi wao walionekana kuwa na matatizo zaidi ya moyo na unene. Yaani hata mwezi wa pili wa mimba, tumbo halijaonekana, chakula kinaandika jambo.

Uholanzi ni mbali na vita si msimu wa kilimo. Kwa hiyo twende Gambia, Afrika Magharibi, kwa wakulima wa karanga na mpunga. Watafiti wa Uingereza wenye kituo katika kijiji cha Keneba waliona kwa miaka mingi kwamba watoto waliozaliwa kipindi cha njaa, Juni hadi Oktoba, ghala tupu na palizi imepamba moto, walikuwa wadogo kuliko waliozaliwa baada ya mavuno. Basi wakafanya jaribio katika vijiji 28 kwa miaka mitano. Wajawazito wa vijiji vingine walipewa kila siku, tangu mimba ilipofika karibu nusu, biskuti zilizookwa kwa karanga za kukaanga, unga wa mchele, sukari na mafuta ya karanga, zenye jumla ya kalori elfu moja hivi. Wenzao wa vijiji vya kulinganisha walipewa baada ya kujifungua.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Kwa mwaka mzima watoto waliongezeka wastani wa gramu 136. Lakini ukitenganisha misimu, kipindi cha njaa ongezeko lilikuwa gramu 201, na kipindi cha mavuno gramu 94. Waliozaliwa wafu, na waliofariki ndani ya wiki ya kwanza, walipungua karibu nusu. Soma tena viungo vya biskuti: karanga, mchele, sukari, mafuta. Hakuna kitu pale kisichopatikana kwenye soko la Mabatini au gulio la Kisesa.

Kwa mkulima hili ndilo jaribio muhimu kuliko yote niliyoyataja, kwa kuwa linasema chakula kilekile kina thamani mara mbili kikiliwa wakati wa njaa. Sisi tunalijua jambo hilo kwenye bei ya mahindi. Kumbe hata tumboni ni hivyohivyo.

TANZANIA ILIPOANZA KUPIMA

Nchi yetu haikuchelewa. Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mwaka huohuo ilipigwa kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, watu wanaokaribia milioni 2 wakikaa kwenye vikundi vya kusikiliza na kujadili, na mwaka 1975, ukame ukiwa umetoka kutuumiza, ikafuata Chakula ni Uhai. Wazee wenye umri wa miaka 70 na kuendelea waulize, wengi wanakumbuka. Miaka hiyo pia ndipo kliniki za mama na mtoto zilipoenezwa vijijini na wahudumu wake wakafundishwa kwa wingi.

Lakini mizani iliyotupa sifa duniani ilikuwa ya Iringa. Kuanzia mwaka 1983, Serikali pamoja na UNICEF na WHO, kwa fedha za Italia, waliendesha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa ule. Kila miezi mitatu kulikuwa na siku ya afya ya kijiji. Watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa, na majibu hayakufungiwa kwenye kabati la zahanati. Yalipelekwa kwenye serikali ya kijiji. Wanakijiji wakauliza: nani amepungua, kwa nini, na tutafanya nini kwa tulichonacho? Wakati mwingine jibu lilikuwa sehemu ya kulishia watoto mama wakiwa shamba. Wakati mwingine lilikuwa kumpunguzia mama kazi. Baada ya muda wakapima tena, kuona kama jibu lilikuwa sahihi. Kati ya mwaka 1984 na 1988 watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka asilimia 56 hadi 38, na wale wenye hali mbaya zaidi kutoka asilimia 6 hivi hadi chini ya 2.

Kwa maoni yangu, na hapa nasema kama mtu wa ugani, siri haikuwa mizani. Ilikuwa kikao kinachofuata baada ya mizani. Kupima ng'ombe kila mwezi bila kubadili malisho hakujawahi kunenepesha ng'ombe.

Mizani ya Iringa ilikuwa ya mtoto. Mama mjamzito hakupata kikao chake, na kwa kiasi kikubwa hajakipata hadi leo. Hata mikataba ya lishe ambayo wakuu wa mikoa walianza kutia saini mwaka 2017, pamoja na agizo la halmashauri kutenga shilingi 1,000, inahesabu fedha kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Ni jambo jema sana. Lakini mtoto huyo tayari ameshaishi miezi tisa ambayo hakuna aliyemtengea kitu.

Na huko kliniki kwenyewe mahudhurio yamepanda na kushuka. Zamani mama alitakiwa kwenda kila mwezi. Kuanzia mwaka 2002 nchi ikafuata utaratibu mpya wa mahudhurio manne yenye huduma kamili. Mwaka 2016 WHO ikasema manne hayatoshi, yawe manane. Kwa upande wa uzito hesabu ni rahisi: mara nne ni nukta nne tu kwenye mstari, na ukianza mwezi wa tano unabaki na tatu, pengine mbili. Mstari wa nukta mbili haukuambii kitu.

ZIWA, SOKO NA SAHANI YA MWANZA

Mtu wa mbali akisikia Mwanza anadhani tunakula samaki hadi tunachoka. Sangara alipandwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960. Miaka ya 1980 akawa mwingi kupita kiasi, miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikasimama hapa mjini, na mnofu ukaanza kupanda ndege kwenda Ulaya. Maskini wa mjini akabaki na mapanki, mifupa yenye kichwa, yaliyokaangwa. Fedha iliingia mkoani, sikatai, na ajira pia. Ila sahani ya mama mjamzito wa Mabatini haikunenepa kwa kasi ya viwanda.

Dagaa ndiye aliyebaki wetu. Analiwa mzima na mifupa yake, anatoa protini na madini, na anauzwa kwa kipimo cha kikombe, mama anaweza kumudu. Sasa naye anagombewa: malori yanampeleka Kongo, na viwanda vya chakula cha kuku vinamchukua. Nawaambia wafugaji wenzangu wa kuku bila kificho: kabla hujasaga gunia la dagaa kwa ajili ya tetea, toa bakuli la jikoni.

Upande wa pili wa mizani nao umefika. Takwimu za kitaifa za afya ya uzazi zinaonyesha wanawake wenye uzito uliozidi au unene walikuwa kama asilimia 11 mwaka 1991/92. Mwaka 2015/16 walikuwa 28. Mwaka 2022 wamefika 36. Mjini ndiko tatizo lilipo zaidi. Chipsi, soda, maandazi asubuhi, chapati jioni, na ule usemi kwamba mjamzito anakula kwa ajili ya watu wawili. Mtu wa pili huyo, ndugu yangu, ana kilo 3 siku anayozaliwa. Mama aliyeanza mimba akiwa mnene ana hatari kubwa zaidi ya kisukari cha mimba na shinikizo la damu. Na anaweza kuwa mnene huku damu ikiwa pungufu, hayo mawili yanakaa nyumba moja bila kugombana.

Hapa niseme neno kwa wafanyabiashara wanaouza udongo, ule mnaouita pemba. Jambo hili si geni. David Livingstone, katika shajara zake za mwisho zilizochapishwa mwaka 1874, aliandika kuhusu safura, ugonjwa wa kula udongo uliojulikana Zanzibar, akieleza kwamba uliwapata watumwa na matajiri pia, miguu ikavimba na pumzi ikawa fupi. Leo tunajua dalili hizo zinafanana na za upungufu wa damu. Wataalamu bado wanajadili kama udongo ndio unaoleta upungufu wa damu au upungufu wa damu ndio unaoleta hamu ya udongo. Kwa mnunuzi aliye mjamzito jibu ni lilelile: ukimwona anarudi kila siku, mwambie akapimwe damu. Hutapoteza mteja, atanunua dagaa.

SASA TUISOME KADI

Kwanza, nenda mapema, kabla ya wiki 12. Mizani ya siku ya kwanza ndiyo msingi wa hesabu yote. Ukienda mwezi wa sita hujui ulikoanzia, ni kama kuuza mahindi bila kujua ulivuna magunia mangapi.

Pili, kiasi cha kuongezeka kinategemea ulivyoanza. Viwango vinavyotumika zaidi ni vya wataalamu wa Marekani vya mwaka 2009, ambavyo WHO nayo ilivirejea mwaka 2016. Chukua mama mwenye kimo cha sentimita 160. Akianza mimba akiwa chini ya kilo 47, huyo ni mwembamba, aongezeke kilo 12.5 hadi 18. Akianza kati ya 47 na 64, uzito wake ni wa kawaida, aongezeke 11.5 hadi 16. Kati ya 64 na 77 umezidi, aongezeke 7 hadi 11.5. Akivuka 77, kilo 5 hadi 9 zinatosha. Mwenye kimo kingine au mimba ya mapacha, nesi atamfanyia hesabu yake.

Tatu, miezi mitatu ya kwanza uzito hupanda kidogo tu, kilo moja au mbili, na wengine hupungua kwa kutapika. Kuanzia hapo, mama wa uzito wa kawaida anapanda karibu nusu kilo kwa wiki au pungufu kidogo, kama kilo moja na nusu hadi mbili kwa mwezi. Usisome namba moja, soma tofauti ya mwezi huu na uliopita. Kama haijapanda kabisa miezi miwili mfululizo, uliza hapohapo, usiondoke. Na kama imeruka ghafla kilo kadhaa ndani ya wiki moja au mbili, na uso au mikono imevimba, kichwa kinauma au macho yanaona ukungu, hiyo si shibe. Inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba. Nenda kituoni siku hiyohiyo, hata kama tarehe ya kliniki bado.

Yule mwenye uzito uliozidi asijinyime chakula ili apungue akiwa na mimba. Anachopunguza ni sukari, soda na vya kukaanga. Maharage, mboga, dagaa, mayai na matunda vibaki. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa avimeze, na chai aiweke mbali na mlo, kwa sababu inazuia madini ya chuma kufyonzwa.

DEBE MOJA NA KIDOGO

Nimalizie na hesabu ya ghala, maana hapo ndipo mimi naingia.

Wataalamu wa FAO, WHO na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, katika ripoti yao ya mwaka 2004, walikadiria kwamba mimba nzima yenye ongezeko la kilo 12 inahitaji kalori 77,000 hivi zaidi ya kile mama anachokula siku zote. Mwanzoni ni kidogo sana, kalori 85 kwa siku. Katikati ni 285. Miezi mitatu ya mwisho ni 475. Kilo moja ya mahindi inatoa kalori 3,500 hadi 3,600. Gawanya: ni kilo 21 hadi 22. Debe moja la mahindi lina kilo 18 hadi 20. Kwa hiyo nguvu ya ziada ya mimba nzima, tangu mwanzo hadi kujifungua, ni debe moja na kidogo.

Debe moja na kidogo! Nyumba inayouza magunia kumi mwezi wa saba haiwezi kukosa debe. Inakosa kwa sababu hakuna aliyelihesabu, na kwa sababu anayepanga mauzo mara nyingi ni baba, na kadi ya kliniki iko kwenye mkoba wa mama. Bila shaka mahindi peke yake hayatengenezi damu. Ukiweza, fanya nusu ya hesabu hiyo iwe karanga, maharage na dagaa wakavu. Michembe ni mizuri kwa shibe, ongezea viazi lishe vya rangi ya chungwa ikiwa una mbegu.

Angalia na kalenda. Mimba iliyoingia Juni, wakati watu wametoka kuvuna na mioyo imefurahi, inafikia miezi yake mitatu ya mwisho Januari, Februari na Machi. Kwa nyumba nyingi za Kwimba na Misungwi hicho ndicho kipindi ghala limebaki vumbi, jembe liko mkononi, na bei ya debe sokoni imepanda sana kuliko ile uliyouzia Julai. Ni Keneba ileile, mvua tu ndiyo inakuja mwezi tofauti.

Ninachopendekeza kwa mwenye nyumba ni hiki. Ukijua kuna mimba, au mnatarajia, pima debe moja na nusu la mahindi makavu, unyevu usizidi asilimia 13, uyatie kwenye mfuko wa kinga njaa ufungwe bila hewa. Pima na debe la karanga au maharage, mfuko wake peke yake. Andika juu kwa kalamu nzito jina la mama na mwezi wa kufungua. Karanga zikague kwanza, zenye ukungu zitupe, usimpe mtu wala kuku. Fanya kazi hiyo kabla gari la mnunuzi halijafika kijijini, kwa sababu likishafika kila gunia lililosimama huonekana kama la kuuza.

Palizi ya Januari nayo ipangiwe mtu mwingine, au vibarua wa siku mbili tatu. Fedha yao itoke kwenye gunia la kwanza utakalouza.